Tasnifu imepita kwa watahini, imekwama kwenye kurasa

SWALI

Assalaam alaykum Mwalimu,

Mimi nafundisha shule ya upili hapa Lamu, na nyumbani ni Langoni. Nimesoma shahada ya uzamili ya Kiswahili huku nikifundisha, na tasnifu yangu ni juu ya tenzi za mawaidha zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na kuhifadhiwa majumbani hapa kwetu. Watahini waliipitisha wakataka marekebisho madogo. Nikayafanya, msimamizi akaridhika, nikadhani yamekwisha.

Tangu hapo ni kwenda na kurudi. Afisa wa masomo ya uzamili hana neno na nilichoandika. Shida yake ni pambizo, nambari za kurasa za mwanzo ambazo si za Kirumi, Yaliyomo yanayosema Sura ya Tatu iko ukurasa wa 41 ilhali iko wa 44, orodha ya majedwali ambayo haipo, na beti zilizokatika nusu huku nusu kule. Nikitengeneza hili, lile jengine laharibika. Juzi ilikaa vizuri kwenye kompyuta, nikaitia kwenye flashi nikaenda kuichapisha pengine, ikatoka na kurasa zaidi, na zile hati za Kiarabu zimekuwa vijisanduku vitupu.

Aliyenipangia ni mtoto wa mjomba wangu, ana saiba karibu na Usita wa Mui, ile barabara kuu ya mji. Amenifanyia bei ya udugu. Kadi za harusi na barua za watu anazitengeneza vizuri mno, na akiona nimeitoa kazi kwake atadhani nimemdharau, na mjomba atasikia.

Sasa mwenzangu amenipa nambari ya mtu wa Nairobi. Yeye ataka nimtumie faili nzima, atapanga kila kitu, na nikimwongezea pesa ataishusha ile asilimia ya kufanana na maandishi ya watu wengine inayotolewa na programu ya ukaguzi. Pesa anazotaka ni nyingi kwangu, lakini nimechoka. Mama naye ameshawaambia jamaa wa Faza na Siyu kwamba mahafali ni mwaka huu.

Nimpe huyo wa Nairobi, au niahirishe mpaka mwaka ujao?

Mwanafunzi,
Langoni, Lamu

JIBU

Wa alaykum salaam mwanangu,

Usimpe, na wala usiahirishe. Kazi iliyo ngumu umeshaimaliza, na watu wenye ujuzi wameitia mkono. Kilichobaki kina sababu chache, na karibu zote zimetoka mahali pamoja: faili yako imepangwa kwa jicho. Aliyeipanga ametazama kioo, akaona kichwa cha sura kinafaa kuwa kizito, akakikoza. Akaona sura mpya ianze ukurasa mpya, akabonyeza Enter mpaka ikafika huko. Kwenye Yaliyomo akapiga nukta moja baada ya nyingine mpaka nambari ikagusa ukingo wa kulia. Siku ile yote yalionekana sawa. Lakini kompyuta haijaambiwa kwamba hiki ni kichwa, hii ni sura, hili ni jedwali, kwa hivyo haina cha kuhesabu. Watahini walipokutaka uongeze aya Sura ya Pili, kila kilicho chini yake kiliteremka, nayo Yaliyomo yakabaki palepale yalipopigwa. Hapo ndipo 41 na 44 zilipotokea.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako, fungua faili kwenye Microsoft Word ubonyeze Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja. Kila palipobonyezwa Enter patatokea alama kama herufi P iliyogeuka, na kila palipobonyezwa nafasi patatokea kitone. Tazama mwisho wa Sura ya Kwanza. Ukikuta safu ya alama hizo imeteremka mpaka chini ya ukurasa, na mbele ya kila mshororo wa utenzi kuna vitone vilivyopangana, basi umepata mchawi wako. Hivyo vyote vitoke.

Kabla sijaingia ndani, nimalizane na mtu wa Nairobi. Kumlipa mtu akupangie kurasa si aibu, na vyuo vingi havikatazi mradi asiguse maneno. Huyu anauza na jambo jengine. Asilimia ya kufanana haishuki kwa kupanga kurasa. Hushuka kwa kuandika upya palipofanana na kutaja chanzo, na hiyo ni kazi yako na msimamizi wako. Asiyesoma tenzi zako ataishusha vipi? Atabadilisha maneno asiyoyaelewa, au atachomeka herufi za alfabeti nyingine zinazofanana na zetu ili programu isizitambue. Hilo likigunduliwa ni udanganyifu, na jina kwenye jalada ni lako, si lake. Shahada inaweza kufutwa hata baada ya kuvaa joho. Isitoshe, kuna maneno ya wazee waliokufungulia makabati yao. Faili hiyo usimtumie mtu usiyemjua.

Sasa kazi yenyewe. Pata mwongozo wa chuo chako wa uandishi wa tasnifu, ule wa sasa, si nakala ya mwenzako aliyehitimu zamani. Palipo na tofauti kati ya ninayoyasema hapa na mwongozo huo, fuata mwongozo. Maliza kwanza marekebisho yote ya maneno, hata nukta na koma, ndipo uguse kurasa. Hifadhi faili ya asili bila kuigusa, fanya kazi kwenye nakala, na kila jioni ujitumie nakala hiyo kwa baruapepe. Flashi peke yake si pa kuwekea jasho la miaka, nawe wajua umeme wa huko unavyokatika.

Anza na karatasi. Kompyuta nyingi huja zimewekwa karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, ambayo ni fupi kuliko A4 kwa karibu sentimita 2: A4 ina urefu wa sentimita 29.7, ile ina 27.9. Tasnifu ikipangwa kwa Letter ikachapishwa kwa A4, mistari na kurasa hazitakaa ulivyoziona. Nadhani hii ni moja ya sababu za safari zako. Weka A4 kwa faili nzima, kisha pambizo. Vyuo vingi hutaka pambizo ya kushoto iwe pana kuliko nyingine, aghalabu inchi moja na nusu, kwa sababu jalada likishonwa hula upande huo. Fonti na nafasi kati ya mistari uviweke mara moja kwenye mtindo wa maandishi ya kawaida, ule unaoitwa Normal, usipake aya moja moja.

Vichwa navyo vina mitindo yao. Kichwa cha sura kipe Heading 1, kichwa kidogo 2.1 kipe Heading 2, na 2.1.1 kipe Heading 3. Rangi ya buluu inayokuja na mitindo hiyo isikutishe, ibadilishe kwenye mtindo wenyewe iwe nyeusi na ya fonti yako, na vichwa vyote vitafuata kwa pamoja. Hapohapo mwambie mtindo wa Heading 1 uanze ukurasa mpya kila mara, ndipo zile Enter hazitahitajika tena. Tasnifu zetu za Kiswahili huwa na "SURA YA KWANZA" mstari wa juu na "UTANGULIZI" chini yake. Ukiitenganisha mistari hiyo kwa Enter, Yaliyomo yatakuletea vichwa viwili kwa kila sura. Tumia Shift na Enter, vitahesabika kimoja.

Mitindo ikishakaa, futa Yaliyomo yaliyopigwa kwa mkono na uitake programu iyatengeneze yenyewe. Majedwali fanya hivyohivyo: usiandike "Jedwali 3" kwa kidole, tumia sehemu ya kuweka maelezo ya jedwali. Itakupa neno la Kiingereza, lakini pana kitufe cha kuongeza neno lako. Andika "Jedwali" mara moja, na "Picha" mara moja, basi. Hesabu itajiendesha, na orodha ya majedwali utaipata bila jasho. Kila ukibadilisha kitu, bonyeza Ctrl na A, kisha F9, na ukiulizwa chagua kusasisha yote.

Nambari za kurasa ndizo zinazoliza watu. Faili moja lazima igawanywe sehemu mbili kwa kile kinachoitwa Section Break, mwisho wa kurasa za mwanzo, kabla tu ya Sura ya Kwanza. Ikirari (tamko kwamba kazi ni yako), tabaruku (maneno ya kuitunuku kazi), shukrani, ikisiri (muhtasari), Yaliyomo na orodha zote hukaa sehemu ya kwanza kwa tarakimu ndogo za Kirumi. Ukurasa wa jina huhesabiwa i lakini nambari haionyeshwi. Sura ya Kwanza huanza 1. Wengi hugawa sehemu vizuri, kisha wakibadilisha huku na kule kunabadilika, wanakata tamaa. Sababu ni kwamba sehemu ya pili huzaliwa ikiwa imefungamanishwa na ya kwanza. Bonyeza mara mbili chini ya ukurasa wa kwanza wa Sura ya Kwanza, uzime Link to Previous, ndipo uweke 1. Na kama una jedwali pana la msamiati wa Kiamu, Kimvita na Kiswahili sanifu, lizungushie sehemu yake mwenyewe ili ukurasa huo peke yake ulale kwa upana.

Nije kwenye tenzi, maana hapa ndipo tasnifu yako ilipo, na sipendi kuona beti za mabibi zetu zimevunjwa kwa uzembe wa mashine. Beti ya utenzi ina vipande vinne. Chagua kama kila kipande kitakaa mstari wake au viwili viwili, na uamuzi huo uushike mwanzo mpaka mwisho. Ndani ya beti vitenganishe vipande kwa Shift na Enter, ili beti nzima iwe aya moja. Kisha kwenye mpangilio wa aya chagua Keep lines together, na beti haitakatika tena kati ya kurasa mbili. Usisogeze vipande kwa kubonyeza nafasi, weka mwingizo kwenye mtindo uliouunda kwa ajili ya beti.

Halafu zima yale marekebisho ya kujiendesha. Word ikidhani unaandika Kiingereza, kila mwanzo wa mstari huutia herufi kubwa, na ile "i" inayosimama peke yake huigeuza. Mshairi ameandika "i wapi", wewe watoa "I wapi". Mtahini wa Kiswahili akiona hivyo atafikiri hujui unachonukuu. Teua maandishi yote, weka lugha iwe Kiswahili, na yale marekebisho ya herufi kubwa uyaondoe alama. Baadaye pitia beti zote ukilinganisha na hati, neno kwa neno, kwa sababu yaliyokwisha kubadilishwa hayarudi yenyewe.

Vijisanduku vitupu maana yake ni fonti. Kompyuta uliyochapishia haikuwa na fonti ya Kiarabu uliyoitumia, ikaweka sanduku mahali pa herufi. Na si kila fonti ya Kiarabu itakufaa, maana hati zetu zina herufi za sauti ambazo Kiarabu chenyewe hakina, kama p, ch na v. Scheherazade New na Amiri zinapatikana bure. Zijaribu zote mbili kwa beti yenye herufi hizo, uchague moja, uitumie peke yake. Iongeze ukubwa pia, kwa sababu Kiarabu cha 12 kando ya maandishi yetu ya 12 huonekana kidogo sana kusomeka. Ongeza Kiarabu kwenye lugha za kuandikia, na utapata kitufe cha kuelekeza aya kutoka kulia. Usiisukume kulia kwa kitufe cha kawaida cha kupanga, maana hicho husogeza maandishi bila kugeuza mwelekeo, na alama za uakifishaji huruka upande usio wake. Ukitaka hati na unukuzi wake vikae ubavu kwa ubavu, tumia jedwali lisilo na mistari, hati safu ya kulia, na uzuie mstari wa jedwali usikatike kati ya kurasa.

Penye hati iliyochakaa, picha ni bora kuliko kuandika upya. Iite Picha, ipe nambari, useme ni ya nani na kwamba mwenyewe ameridhia. Kama umetumia maandiko ya Msikiti wa Riyadha yaliyopigwa picha chini ya mradi wa British Library, andika na nambari yake ya kumbukumbu, ili atakayekufuata aifikie hati ileile.

Marejeleo sitakaa nayo sana. Kama chuo chataka mtindo wa marejeleo wa APA, uliza ni toleo lipi. La 7 lilitoka 2019 na halitaki tena mji wa mchapishaji, kwa hivyo mwongozo wa kabla ya hapo utasema vingine. Mstari wa kwanza wa kila rejeleo ukae ukingoni na inayofuata iingie ndani: teua yote, bonyeza Ctrl na T. Wazee uliowahoji Shela au Matondoni hawaingii humo, hao ni data ya utafiti wako. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kiwe kwenye viambatisho, na ukurasa wa ikirari uwe na saini za kweli, yako na za wasimamizi, kabla hujaupiga skani.

Binamu yako usimwondoe. Nenda kwake mchana watu wanapolala, umwambie ukweli kwa heshima: chuo kimetaka Yaliyomo yanayojihesabu, na wewe wataka mkae pamoja muyafanye, wewe kwa sababu wajua kipi ni kichwa na kipi ni beti, yeye kwa sababu mkono wake ni mwepesi kwenye kibodi. Kadi ya harusi ni ukurasa mmoja, jicho latosha. Kabla ya yako, tasnifu haikuwahi kupita mikononi mwake, na hilo si kosa lake. Mlipe kwa siku hiyo, hata akikataa, kisha umwachie kazi ya skani na ya kuchapisha. Mui wenu (mji wenu) una walimu wengi wanaosoma kwa mbali, na akishajua mbinu hizi watamwendea. Mjomba akisikia hayo hatakasirika.

Mama naye ana haki ya kujua. Leo mwandikie afisa wa uzamili umuulize kwa maandishi tarehe ya mwisho ya kupokea nakala safi kwa mahafali haya. Akikujibu, mwonyeshe mama jibu hilo, umwambie kuwa jina halijaingia kwenye orodha mpaka ofisi hiyo iridhike, na jamaa wa Faza wasikate nauli kabla ya hapo. Mwombe asiwatajie tarehe tena mpaka wewe umwambie. Akihuzunika kidogo sasa ni afadhali kuliko kuwapokea wageni bila mahafali.

Mkimaliza kupanga, toa PDF kwenye kompyuta ileile mliyopangia, ambayo fonti zote zimo. Chapisheni kutoka kwenye PDF hiyo, kamwe si kutoka faili ya Word, hata kama mashine ni ya jirani. Ifungue kwanza kwenye simu yako, kifaa kisicho na fonti zako: Kiarabu kikionekana humo vilevile ulivyokipanga, ni dalili nzuri kwamba fonti imeingia ndani ya PDF. Kisha kaa na chai yako, upitie ukurasa mmoja mmoja, ukilinganisha kila kichwa kwenye Yaliyomo na ukurasa kilipo. Ukiona kosa, rudi Word ulitengeneze huko, usasishe, utoe PDF mpya yenye tarehe kwenye jina lake, na ya zamani uifute ili isije ikatumwa.

Itume PDF hiyo kwa afisa pamoja na barua fupi inayotaja kila alichokilalamikia na ukurasa kilipotengenezwa. Atamaliza kuikagua upesi zaidi kuliko akianza kutafuta mwenyewe. Jalada gumu lingoje. Rangi yake, maandishi ya mgongoni na idadi ya nakala vyote vimo kwenye mwongozo, na hata kama kuna mtu anakwenda Mombasa kesho na amejitolea kukupelekea kwa fundi, usimpe karatasi mpaka upate barua ya chuo inayosema imekubaliwa.